Walther Nernst, mtu aliyepigania sifuri ya vipimo vya maji

Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya bahari. Wengi wetu huku Masisi na Walikale hatujawahi kuona bahari, na pengine hatutaiona, lakini namba ile tunaikubali. Tunaikubali juu watu walipatana zamani kwamba sifuri ya urefu ni bahari. Mtu wa Sake akiamua kupima milima ya Masisi kuanzia ukingo wa ziwa, hatakuwa amedanganya, ila namba yake itapungua kwa zaidi ya mita elfu moja, na akiituma Kinshasa bila kusema ameanzia wapi, atapoteza kila mtu.

Umeme unaofichama ndani ya maji uko na shida hiyo hiyo, na mtu mmoja Mjerumani aliishughulikia kuliko wengine. Jina lake ni Walther Nernst. Kila mara fundi wa maji anapotumbukiza kipimo cha ridoksi ndani ya tangi na kusoma milivolti kwenye kioo, anasoma kazi ya huyu mzee, hata kama hajawahi kusikia jina lake. Leo tunasimulia maisha yake, na katikati tutasimama kidogo kueleza kipimo chenyewe, maana huku kwetu namba ya maji si mchezo.

Nernst alizaliwa tarehe 25 Juni 1864 katika mji mdogo wa Briesen, uliokuwa wakati ule chini ya Prussia na leo uko Polandi kwa jina la Wąbrzeźno. Baba yake alikuwa hakimu. Utotoni alitamani kuwa mshairi, lakini mwalimu wa kemia akamvuta upande mwingine. Alisoma Zürich, Berlin, Graz na Würzburg, maana wanafunzi wa Ujerumani wa wakati ule walizoea kuhama kutoka chuo hadi chuo wakimfuata mwalimu mzuri, kama vile wachimbaji wetu wanavyohama kutoka kare hadi kare wakisikia mshipa mpya umepatikana. Alipata udaktari wake Würzburg mwaka 1887. Mwaka uleule Wilhelm Ostwald, profesa mzaliwa wa Riga, akamchukua awe msaidizi wake Leipzig.

Nernst alikuwa mfupi, mwenye masharubu, mcheshi wa ulimi mkali. Walioishi naye wanasema alipenda kujisifu na alipenda pesa. Tusimfanye mtakatifu. Lakini kazi aliyoitoa Leipzig mwaka 1889, akiwa na miaka 25 tu, inatosha kumweka kati ya wakubwa.

Ili kuielewa, chukua buye la redio, lile la kawaida la tochi. Ganda lake ni madini ya zinki. Katikati kuna kijiti cha kaboni, na kukizunguka kuna unga mweusi wa manganizi, ule ambao wengine wanaupaka kwenye ubao wa shule. Ndani yake kazi zinafanyika mbili. Zinki inaachia elektroni, yaani vile vichembe vidogo vya umeme, na kwa kuziachia inayeyuka polepole. Ndiyo sababu buye la zamani linatoboka na kuvuja. Upande wa pili, ule unga mweusi unapokea elektroni. Kuachia na kupokea, hiyo njo inaitwa ridoksi. Bati linalopata kutu linaachia elektroni. Kaseteriti ya Bisie, ikipelekwa tanuruni na makala ili itoke stani safi, inapokea. Klori ikiua vijidudu kwenye bidoni la maji, inanyang'anya vijidudu elektroni zao mpaka vinakufa.

Swali la Nernst lilikuwa hili: nguvu ya kusukuma elektroni inatoka wapi, na inaweza kuhesabiwa? Jibu lake ni kwamba metali ikiwa ndani ya maji iko na msukumo wa kuyeyuka, na vile vilivyokwisha kuyeyuka navyo vinasukuma kurudi. Vikiwa vingi ndani ya maji, vinasukuma kwa nguvu. Vikiwa vichache, metali inashinda. Akaandika hesabu moja fupi inayounganisha volti, joto, na wingi wa vitu vilivyoyeyuka. Hesabu hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ukiifanya kwenye joto la digrii 25, inakupa namba ambayo kila fundi wa vipimo vya maji anaijua: milivolti 59. Haidrojeni yenye chaji, ile inayofanya maji yawe makali kama ndimu, ikiongezeka mara kumi, elektrodi inayoifuata inabadilika milivolti 59. Maji yakiwa na joto zaidi namba inapanda kidogo, yakiwa baridi inashuka. Ndiyo maana vipimo vizuri vya ukali wa maji viko na kifaa cha kusoma joto.

Lakini hesabu ilimletea shida mpya. Nguvu ya upande mmoja peke yake haipimiki. Voltimita iko na waya mbili. Ukigusisha moja tu, haisomi kitu. Ni sawa na mizani ya sokoni yenye sahani mbili: ukiweka mihogo upande mmoja na upande wa pili hakuna jiwe, utasema nini juu ya uzito? Lazima kuwe na upande wa pili unaojulikana na usiobadilika. Upande huo ndio elektrodi rejea.

Hapo Nernst akagongana na Ostwald, yule yule aliyemfungulia mlango. Ostwald aliamini kuna sifuri ya kweli kabisa, sifuri ya asili, na kwamba inaweza kupatikana kwa kutumia zebaki, ile merkiri ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaijua. Nernst akasema hapana. Sifuri hiyo haina uhakika. Heri watu wapatane juu ya kitu ambacho labo yoyote inaweza kukitengeneza upya na kupata jibu lilelile. Akapendekeza haidrojeni. Unachukua platini iliyopakwa unga mweusi wa platini, unaiweka ndani ya asidi yenye nguvu iliyopimwa, unapitisha hewa ya haidrojeni juu yake. Hiyo tuiite sifuri, kila kitu kingine kihesabiwe kutoka hapo. Mabishano yalikuwa makali karibu na mwaka 1900, na mwishowe upande wa Nernst ulishinda. Kwa maoni yetu, hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana: mtu msomi kukubali kwamba sifuri si ya kugunduliwa, ni ya kupatana.

Sasa, hakuna mtu atakayebeba chupa ya haidrojeni mgongoni kutoka Sake hadi Pinga. Ni ghali, inawaka moto, na platini yake inaharibika upesi. Kwa hiyo kazini watu wanatumia rejea ndogo, iliyokwisha kulinganishwa na ile kubwa. Zamani ilikuwa ile ya zebaki, inayoitwa kalomeli. Siku hizi inaachwa juu ya sumu. Iliyoenea leo ni waya wa madini ya fedha uliopakwa kloridi ya fedha, ukikaa ndani ya maji ya chumvi ya potasi. Ukivunja kipimo cha kawaida cha ridoksi (usivunje, bei yake si ndogo) utaukuta huo waya ndani ya shingo ya kioo au plastiki, na chini kabisa kuna kipande au duara la platini linalogusa maji unayopima. Kando kuna kitobo kidogo mno chenye kizibo cha kauri. Kupitia kitobo hicho chumvi ya ndani inagusana na maji ya nje. Kikizibwa na tope au mafuta, kipimo kinaanza kuropoka.

Waya huo wa fedha hausimami kwenye sifuri ya Nernst. Unasimama karibu milivolti 200 juu yake. Kwa chumvi iliyojaa kabisa na joto la digrii 25, ni 197 hivi. Chumvi ikipungua nguvu, namba inapanda kidogo. Hapa ndipo hatari inapoingia.

Tuseme kuna tangi la maji ya klori mahali fulani, na kolera iko karibu. Watu wengi wa kazi ya maji wanachukua milivolti 650 kuwa alama kwamba klori iko na nguvu ya kuua vijidudu upesi. Namba hiyo kwa kawaida inasomwa kwa kipimo chenye rejea ya fedha. Fundi mmoja iko na kifaa ambacho kimekwisha kugeuza namba kwenda sifuri ya haidrojeni, na yeye hajui. Anasoma 650, anafurahi, anafungua bomba. Kumbe kwa rejea ya fedha maji yale yako kwenye 450 tu, na akina mama wamekwisha kujaza bidoni. Kifaa hakikudanganya. Namba haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni neno moja pembeni ya namba, kusema imehesabiwa kutoka wapi. Kwa hiyo, ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye vituo vya maji: kwenye daftari andikeni milivolti pamoja na aina ya rejea na joto la maji. Namba peke yake ni nusu ya habari.

Na kipimo hiki kisichukue nafasi ya kile cha rangi, cha kidonge kinachogeuza maji kuwa ya pinki. Kinachohitajika kwa bidoni la nyumbani ni klori iliyobaki huru, kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na hiyo inasomwa kwa rangi. Ridoksi inaonyesha nguvu ya maji yote kwa pamoja, haihesabu klori.

Kusawazisha kipimo cha ridoksi si kugumu, lakini kuna desturi yake. Unahitaji maji ya majaribio ambayo nguvu yake inajulikana. Yaliyo maarufu yanaitwa ya Zobell, yaliyotengenezwa kwa chumvi mbili za chuma na sianidi iliyofungwa pamoja na kloridi ya potasi. Kwa digrii 25 yanasoma karibu 430 kwa sifuri ya haidrojeni, na karibu 230 kwa rejea ya fedha. Toa moja kwa nyingine: zile 200 zinarudi. Njia nyingine ni unga wa kwinhidroni, ambao mkemia wa Denmark, Einar Biilmann, aliuleta kwenye kazi hii karibu na mwaka 1921. Unaumwaga kidogo kwenye maji ya kusawazishia ya pH 7, unasoma, halafu unafanya vilevile kwenye maji ya pH 4. Kwa rejea ya fedha yenye chumvi iliyojaa, ya kwanza inatoa karibu 86 na ya pili karibu 263. Tofauti ni 177, yaani 59 mara tatu. Ni Nernst huyo, kwenye glasi mbili.

Kipimo kikisoma vibaya, usikimbilie kugeuza skrubu. Safisha kwanza. Suuza platini, iondoe ukungu, angalia kama maji ya chumvi ya ndani yamepungua, angalia waya. Kwa kawaida kosa liko kwenye uchafu au kwenye rejea. Na kipimo kisihifadhiwe ndani ya maji safi ya mvua au ya batri, juu yanafyonza chumvi yote ya ndani. Kikae kwenye maji ya chumvi ya potasi, na kofia yake.

Ukikishusha kwenye tope jeusi la bwawa la samaki, lile linalonuka yai bovu, kitakuonyesha namba chini ya sifuri. Tope hilo halina oksijeni. Tusidhani mambo hayo ni ya mbali. Mbelgiji Hubert Damas alikuja huku mwaka 1935 na 1936 kuchunguza Ziwa Kivu, Ziwa Edouard na Ziwa Ndalaga, lile letu la Mokoto, teritware ya Masisi. Tangu wakati wake inajulikana kwamba kina cha Kivu hakina oksijeni na kimejaa gesi.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1890 alihamia Göttingen, mwaka 1892 akamwoa Emma Lohmeyer, binti wa daktari wa upasuaji. Walizaa wasichana watatu na wavulana wawili. Mwaka 1897 akavumbua taa. Haikuwa na waya ndani, ila kijiti cha kauri ya zirkonia, ambacho kikiwa baridi hakipitishi umeme na kikipashwa moto kinapitisha. Akaiuza kwa kampuni ya AEG, na inasemwa alilipwa milioni moja ya marki. Taa ilikuwa nzuri, lakini ilibidi uipashe kwanza, na balbu za waya wa tungsteni zikaizika. Yeye pesa alikwisha kuzila: alinunua magari wakati Göttingen bado ni mji wa farasi.

Kauri ile haikufa. Ile ya namna yake ndiyo iko leo kwenye bomba la moshi la magari mengi ya kisasa, ikipima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Upande mmoja inagusa moshi, upande wa pili inagusa hewa ya nje, na volti inayotoka inafuata hesabu ileile ya 1889. Hewa ya nje ndiyo rejea. Dereva anayehangaika na taa ya njano ya injini kwenye barabara ya Goma hadi Walikale, mara nyingine shida yake iko hapo.

Mwaka 1905 Nernst aliitwa Berlin, akaenda na gari lake. Huko alitoa kazi iliyompa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920, juu ya namna vitu vinavyotulia vinapokaribia baridi kuu kuliko zote. Hiyo tunaipita. Mwaka 1911 alimshawishi tajiri wa Ubelgiji, Ernest Solvay, kugharamia mkutano wa wanasayansi wakubwa kule Brussels. Marie Curie alikuwepo, Einstein alikuwepo, Planck alikuwepo. Mwaka 1913 yeye na Planck walisafiri hadi Zürich kumwomba Einstein aje Berlin, naye akakubali.

Halafu vita. Agosti 1914 jeshi la Ujerumani likaivamia Ubelgiji, nchi iliyomkaribisha Nernst miaka mitatu tu kabla. Akiwa na miaka 50 alijitolea kuwa dereva wa jeshi. Akatia saini tangazo la wasomi 93 waliokana maovu ya jeshi lao huko Ubelgiji. Akasaidia pia kutafuta kemikali za kuwasha macho na pua ziwekwe ndani ya makombora. Hakuna njia ya kuyapamba hayo. Vita hivyohivyo vilifika hadi kwetu: Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, na wababu zetu wengi wakalazimishwa kubeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji. Nernst alilipa nyumbani kwake. Wavulana wake wote wawili waliuawa vitani.

Baada ya vita aliongoza chuo kikuu cha Berlin kwa muda, halafu ofisi ya taifa ya vipimo, halafu taasisi ya fizikia. Karibu na mwaka 1930 alishiriki kutengeneza piano ya umeme pamoja na Bechstein na Siemens, ikitumia vikuza sauti vya namna ya redio. Wanamuziki hawakuipenda sana.

Hitler alipochukua utawala mwaka 1933, Nernst aliacha kazi. Hakuwapenda Wanazi na hakuficha. Binti zake wawili walikuwa wameolewa na Wayahudi. Ikabidi wakimbie, mmoja Uingereza, mwingine Brazili. Mzee na Emma wakabaki kwenye shamba lao la Zibelle, ambalo leo liko ndani ya Polandi. Aliyewahi kupita kwenye kambi za Masisi hahitaji kuelezwa nyumba iliyogawanyika hivyo inafananaje.

Kuna habari moja ya shambani inayosimuliwa sana. Siku ya baridi aliingia zizi la ng'ombe, akashangaa kulikuta na joto. Akaambiwa ni joto la ng'ombe wenyewe. Basi akauza ng'ombe, akafuga samaki aina ya kapu, kwa hoja kwamba hatalisha wanyama wanaopasha moto dunia nzima bure. Samaki hana joto la kutupa. Wafugaji wa Masisi wenye ng'ombe zao kilimani watacheka, na wako na haki, ila hesabu yake ni sahihi.

Alikufa huko Zibelle tarehe 18 Novemba 1941, vita vya pili vikiwa vinaendelea. Majivu yake yako kwenye makaburi ya mji wa Göttingen, ambako Max Planck naye alizikwa.